Randa Iliyolala Chali

Barua hizi zilikaa miaka katika makopo mawili ya biskuti, zangu kwake na zake kwangu, mpaka mpwa wangu Klavdija alipokuja na kopo lake akasema, "Mjomba, zipange wewe, mwalimu ni wewe." Nimezipanga kwa tarehe, sikugusa neno.

Msomaji ajue jambo moja ambalo mimi sikulijua zilipoanza. Oktoba ya 1986 Klavdija alianguka na baiskeli, mkono wa kulia ukavunjika karibu na kiwiko, na mshipa wa fahamu ukaumia. Vidole vikabaki vinaning'inia. Naye kazi yake ilikuwa kuchora ramani za majengo. Ofisi ilimwekea nafasi hadi mwanzoni mwa Mei: awe anachora tena, ama ahamishiwe stoo ya makaratasi. Alimwapisha mama yake, dada yangu Pavla, asiniambie. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika penseli akiwa na miaka mitano, na tangu hapo nimejigamba kwa mkono ule mbele ya kijiji kizima.

C. P.

*

Murska Sobota, 9 Novemba 1986

Mjomba Ciril, shikamoo.

Huku hatujambo. Mama anakohoa kama kila msimu wa mvua za baridi na anakataa kuvaa soksi. Štefan amemaliza kukamua mafuta ya mbegu za maboga. Nyumba nzima, na nafikiri hata mito ya kulalia, inanuka mafuta. Chupa yako nimeiweka kando. Keshokutwa ni sikukuu ya Mtakatifu Martin, na bata bukini wetu anatutazama kwa dharau kama vile ndiye atakayetula sisi.

Unisamehe kwa kupiga chapa. Nimeazima taipureta na nataka kuizoea.

Neno lililonifanya niandike ni hili. Mwaka huu nina likizo ndefu kidogo. Gereji kuna meza ya useremala ya marehemu baba yake Štefan, yenye jiliwa ya kubania mbao, na randa yake ya mbao, ile yenye pembe mbele. Nataka kujifunza. Ningependa nianze na kigoda. Štefan anasema, "Mke wangu, kinoo peke yake ni ghali kuliko vigoda viwili vya sokoni." Nimemwambia atakaa sakafuni mpaka ajifunze adabu.

Nianzie wapi? Na unitumie kipande cha maranda yako, nijue mazuri yanafanana vipi.

Mpwa wako,
Klavdija

*

Besnica, 20 Novemba 1986

Klavdija mwanangu, marahaba.

Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama, kwa furaha. Mafuta yamefika salama, chupa haikupasuka, ila gazeti mliloifungia sasa linasomeka pande zote mbili kwa mpigo. Mwambie Pavla avae soksi. Mimi kaka yake nimesema. Mwenyewe ni mzima. Tangu mke wangu Rozalija, shangazi yako, atutoke Agosti ya mwaka jana nimejifunza kupika viazi kwa namna tatu, zote zina ladha moja. Jirani Lojze hunisaidia kuvila huku akivisema.

Sasa somo. Kigoda hapana. Kigoda ni mtihani, na wewe hata darasani hujaingia. Majira haya ya baridi utatengeneza takataka tu, yaani maranda.

Usicheke. Unaikumbuka butara ya shangazi yako? Penginepo duniani watu huenda kanisani Jumapili ya Matawi na majani mabichi. Bonde letu huenda na tepe za mbao zilizorandwa, zikatiwa rangi, zikazungushwa kwenye fimbo kwa matawi machache ya mreteni. Mwaka huu hakuna aliyeifunga, na fimbo yetu ilibaki nyuma ya mlango. Mwakani Matawi ni tarehe 12 Aprili. Basi tupatane: tepe zitoke kwako, kufunga nitajaribu mimi.

Tafuta mbao za lipa, mti laini usio na jeuri. Zipasuliwe kuwa fito za upana wa vidole viwili, na usizikaushe. Zifunge kwa kitambaa kibichi, maana mbao yenye unyevu hutoa utepe unaokunjika bila kuvunjika. Kisu cha randa kinoe kwa maji, upande wa mshazari kwanza, kisha upande wa nyuma ulio bapa, mpaka kikate karatasi ya barua hii bila kuivuta. (Subiri umalize kuisoma.) Kisha angalia nyuzi za mbao. Mbao ni kama paka: ukimpapasa kuelekea mkiani anakoroma, ukirudisha mkono utaona kucha.

Katika kila barua nitilie utepe mmoja. Mbao unaweza kuipiga msasa ikaficha makosa, lakini utepe ni shahidi asiyehongeka.

Utepe wangu sitakutumia. Utautazama huo badala ya kutazama mbao yako.

Mjomba wako,
Ciril

*

Murska Sobota, 7 Desemba 1986

Shikamoo Mjomba.

Mama amevaa soksi. Kasema, "Mwambie huyo mwalimu nimezivaa kwa sababu kuna baridi, si kwa sababu ameamuru."

Nashukuru kwa somo. Kinoo nimekipata, kisu kimekata barua yako vizuri. Nimeanza kwa ukurasa wa pili.

Ndani ya bahasha mna tepe tatu, ndizo nzuri kuliko zote. Usicheke. Mbao inanikimbia, randa inaruka kama mbuzi. Jana Štefan alisimama mlangoni akaniuliza, "Unaranda au unapigana?" Nikamwambia, "Napigana, na wewe ndiye unayefuata." Akaenda kuchemsha chai.

Sijui kwa nini utepe unatoka mnene upande mmoja na upande wa pili kama ngozi ya kitunguu. Nifanye nini?

Na ule utepe wako bado nauomba.

Klavdija

*

Besnica, 16 Desemba 1986

Mwanangu Klavdija,

Theluji ya kwanza imeanguka na Lojze naye ameanguka juu yake, akiwa amebeba maziwa yangu. Yeye mzima, maziwa marehemu.

Tepe zako nimezipima. Ninayo maikromita ya shule nilikofundisha fizikia, ambayo nimejaribu kuirudisha mara tatu tangu nistaafu, na mara tatu wamesahau kuipokea. Utepe wa kwanza: ukingo wa kushoto sehemu thelathini za mia za milimita, ukingo wa kulia sehemu tano. Wa pili na wa tatu ni vivyo hivyo. Kosa linalojirudia lina adabu; maana yake lina sababu moja, na sababu moja hutafutika.

Huenda kisu kimekaa upande. Igeuze randa, itazame kwa jicho moja kutoka mbele kuelekea dirishani, kama unayelenga bunduki. Kisu kionekane kama uzi mweusi wenye unene uleule mwanzo hadi mwisho. Kama sivyo, kigonge ubavuni kwa nyundo ndogo. Kigonge kama unavyobisha hodi chumba cha mgonjwa. Kisha sugua tumbo la randa kwa mshumaa. Watu huona ni ushirikina, lakini nta hupunguza msuguano na randa haitaruka tena.

Kuhusu utepe wangu, Lojze ameazima randa yangu. Atairudisha.

Noeli njema kwenu nyote. Mfungie Pavla mikate yangu ya walnati mahali asipopaona Štefan.

Ciril

*

Murska Sobota, 4 Januari 1987

Mjomba mpendwa, shikamoo na heri ya mwaka mpya.

Mikate ya walnati Štefan aliipata baada ya saa mbili. Mama anasema ana pua ya mbwa wa mpakani.

Nimegonga, nimepaka mshumaa, nimetazama dirishani kwa jicho moja mpaka jirani akadhani namkonyeza. Randa hairuki tena, nashukuru sana. Lakini utepe bado ni mnene upande mmoja, na haufiki nusu ya urefu wa ufito. Jiliwa haikazwi vizuri, kwa hiyo ufito nimeufunga mezani kwa mkanda wa suruali wa Štefan. Siku hizi anatembea ameshikilia kiuno.

Mjomba, huenda mikono yangu haikuumbwa kwa mbao. Nilitaka niwe nimeweza kabla ya Mei. Unieleze tena, polepole, jinsi ya kusimama na kushika. Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu.

Klavdija

*

Besnica, 15 Januari 1987

Klavdija mwanangu,

Theluji imefika madirishani. Lojze amechimba njia kutoka mlango wake hadi wangu, anasema si kwa upendo, ni kwa sababu turufu yake ya karata iko kwangu. Mimi ni mzima.

Umeniuliza kwa unyenyekevu, nami nitajibu kwa utaratibu. Chukua karatasi, uchore.

Simama ubavuni mwa meza, mguu mmoja mbele. Nguvu isitoke mkononi. Itoke kwenye nyonga, mkono uifikishe tu. Randa yako ina pembe mbele. Mkono wa kushoto hushika pembe, kazi yake si kuvuta bali kukandamiza mwanzoni mwa mbao na kuielekeza. Mkono wa kulia hukaa nyuma, ndio unaosukuma. Hizi ni nguvu mbili, moja kila upande wa mstari wa safari, na kila moja huzuia nyingine isiipindue randa. Ndiyo maana utepe hutoka sawa kingo zote mbili. Sasa tuseme nguvu ya nyuma haipo. Randa inavutwa na pembe peke yake. Itazunguka kufuata bega, italalia upande wa kushoto, na utepe utakuwa mnene upande huo huo, na utakatika njiani pale mkono

Nitaishia hapa leo. Kuku wananiita.

Mjomba wako

*

Murska Sobota, 12 Februari 1987

Mjomba, shikamoo.

Ni wiki nne sasa. Mama anasema posta imezibwa na theluji. Štefan anasema umekasirika kwa sababu ya mikate ya walnati. Mimi nasoma barua yako ya mwisho na inaishia katikati ya sentensi, wewe ambaye ulinipunguzia alama kwa nukta.

Kama unaumwa, tuambie. Kama maswali yangu yamekuchosha, tuambie pia. Sijaacha. Kila asubuhi ninaranda, vibaya, lakini ninaranda.

Klavdija

*

Besnica, 27 Februari 1987

Klavdija mwanangu mpendwa,

Siumwi, sikukasirika, na maswali yako hayajawahi kunichosha tangu uliponiuliza kwa nini mwezi hauanguki. Nilikuwa na kazi. Mtamwona dereva wa lori la viazi, binamu yake Lojze, akiwaletea kreti ndefu. Štefan aishushe, na awe amevaa mkanda wake, kwa sababu ni nzito.

Humo mna randa ya babu yako. Alikuwa fundi mapipa, na randa ya fundi mapipa ina urefu wa mita moja na nusu. Haisukumwi, nani angeisukuma? Inalala chali. Upande mmoja unasimama juu ya miguu miwili, mwingine unaegemea chini, kisu kinatazama juu, na ni mbao inayotembea juu yake. Utepe huangukia chini, kwenye kapu.

Nilifanya kosa kukuanzisha na randa ya pembe. Maranda ya butara huku kwetu yametengenezwa hivi tangu zamani, kwenye randa iliyolala chali, na mimi kwa uzee nikasahau kukuambia. Miguu ilikuwa imeliwa na wadudu, nimeweka mipya. Mdomo, yaani tundu linamotokea kisu, nimeubana kwa kipande cha mti mgumu ili uwe mwembamba, maana mdomo mpana hurarua. Kisu nimekinoa, usikiguse kukijaribu, niamini.

Onyo moja, na hili nalisema kama baba. Mbao inapokuwa nyembamba, vidole hukaribia kisu. Usipitishe ufito kwa vidole vitupu hata mara moja. Nimekutengenezea kisukumio: kigogo chenye kishikio, na chini yake misumari midogo mitatu inayouma mbao. Kiweke juu ya ufito, kandamiza, tembeza mwili wako wote kwenda mbele, wala mkono usiukunje. Mwili ndio unaoranda.

Kishikio nilikichonga mara nne mpaka nikaridhika nacho. Niambie kinakaaje.

Mjomba wako,
Ciril

*

Murska Sobota, 15 Machi 1987

Mjomba wangu, shikamoo, na nitaanza na asante kabla ya habari za nyumbani, Mama anisamehe.

Asante.

Sasa habari. Kreti ilifika Jumanne. Dereva alikunywa kahawa nne na kusema kwamba Lojze anakudai mchezo wa karata. Štefan na dereva waliibeba hadi gereji, Štefan akaizunguka mara mbili akasema, "Babu yenu alikuwa anaranda nini, meli?" Kisha akaketi sakafuni, mwenyewe, bila kuambiwa, akashikilia kapu.

Ufito wa kwanza nilikosea, wa pili pia. Wa tatu nilifuata maneno yako, nikauacha mkono utulie nikatembea tu. Mjomba, ulitoa sauti. Kama mtu anayefungua kitabu kipya. Utepe ukashuka mzima, kutoka mwanzo wa ufito hadi mwisho, ukajikunja kapuni kama umechoka. Štefan akauinua kwenye taa, akasema, "Naona soketi ya ukutani kupitia humu." Mama alikuja na mwiko mkononi kuuliza nani analia. Hakuna aliyekuwa analia isipokuwa mimi.

Nimekutumia sanduku zima. Nimehesabu tepe mia na arobaini. Mbovu nimewashia jiko.

Kishikio kinakaa vizuri mkononi. Kinakaa kama kilipimwa.

Klavdija

*

Besnica, 24 Machi 1987

Mwanangu,

Sanduku limefika. Nilichukua utepe mmoja kutoka juu, mmoja kutoka katikati, mmoja kutoka chini, kama sayansi inavyotaka, nikaupima kila mmoja. Sehemu nane za mia, ukingo wa kushoto. Sehemu nane za mia, ukingo wa kulia.

Nilikwenda nje nikazunguka nyumba.

Nimezitia rangi za mayai ya Pasaka: nyekundu, njano na kijani, nusu nimeziacha na weupe wao, kwa sababu lipa ina weupe ambao ni dhambi kuufunika. Kumbuka, ukipaka rangi tepe, chovya haraka na utundike. Ukiziacha majini hulegea na kusahau mkunjo wao. Kufunga ni kazi ngumu kuliko nilivyofikiri. Rozalija aliifanya huku akinisema. Mimi nafanya kimya na bado nakosea.

Wewe usisafiri kwa barabara hizi. Mwambie Pavla aje kwa basi Jumamosi ya tarehe 11, atembee na butara kanisani kwa niaba yako. Ana miaka sita hajanisema uso kwa uso.

Mjomba wako

*

Murska Sobota, 15 Aprili 1987

Mjomba Ciril, shikamoo.

Utaona barua hii haikupigwa chapa. Imenichukua jioni tatu. Herufi zinalala kama wanafunzi wako wa darasa la kwanza Ijumaa mchana, lakini zote ni zangu. Ni za mkono wa kushoto, Mjomba. Unajua hilo. Umelijua tangu Januari, katikati ya sentensi.

Mama alirudi juzi na macho mekundu, na ameniambia yote. Anasema mlipotoka kanisani Lojze aliisifu butara, ukanipa mimi heshima ukasema tepe zimetoka kwangu, kwenye randa ya mapipa ya babu, kama desturi ilivyo. Na Lojze akasema, mbele ya watu, "Desturi ya nani, Ciril? Tangu nizaliwe nimeona butara sabini, hakuna hata moja iliyotoka kwenye randa ya mapipa. Maranda ya butara huvutwa kwa randa ya mkono, hata mbuzi wangu anajua."

Mama anasema ulikuwa mwekundu kuliko tepe. Ukamwambia, "Lojze, nyamaza, nitakulipa karata yako."

Hukunidanganya kamwe maishani mwangu. Hata nilipouliza kama paka wangu atapona, uliniambia hapana. Kwa hiyo nimeelewa uzito wa uongo huu mmoja, na nimeelewa ni kwa ajili ya nani kishikio kile kilichongwa mara nne, mpaka kikajaa kiganja cha kushoto na kisikae kabisa katika cha kulia. Nilikuficha kwa sababu niliogopa utanionea huruma na kuacha kunifundisha. Wewe uliniona, ukanipa kazi ngumu zaidi. Sijui neno la kushukuru kwa hilo. Nimetafuta jioni tatu.

Nikueleze la ofisini, kwa sababu ndilo lililokuwa nyuma ya yote, na Mama kashakwambia kuhusu Mei. Kuchora kwa kushoto nilishaweza kidogo. Shida ilikuwa rula. Mkono mmoja ukichora, nani anashika rula? Ilikuwa inateleza kila mara. Basi nikachukua kipande cha mti wa mpeasi, mzito, nikapitisha ukingo wake juu ya randa ya babu mpaka ukanyooka, nikaulinganisha na kioo cha dirisha mpaka sikuona mwanga kati yake. Upande wa juu nimechimba mashimo sita, nimejaza risasi za Štefan za kuvulia samaki, nimefunika kwa ukanda wa lipa na gundi. Chini nimebandika kitambaa cha ngozi. Rula hiyo ukiiweka, imekaa. Ni kitu changu cha kwanza cha mbao, Mjomba. Kigoda kisubiri.

Jana nilimpelekea mhandisi Kerec, mkubwa wangu ofisini, mchoro, ndio huu nimekufungia nakala: randa ya babu, kwa kipimo cha moja kwa tano, imetazamwa ubavuni. Aliufuata kwa kidole. Kisha akasema, "Mstari huu mrefu umechora kwa rula?" Nikasema, "Kwa rula, na mkono mmoja." Akaichukua rula akaipima uzito kiganjani, akasema, "Njoo tarehe nne Mei. Na usiiache nyumbani hii."

Mstari ule mrefu, tazama, karibu na mguu wa pili umetetemeka kidogo. Hapo nilikuwa nafikiri kuhusu wewe.

Kuna jambo jingine Mama alisikia. Lojze, alipomsindikiza kituo cha basi, alimwambia hajawahi kuazima randa yako. Akasema kufuli la karakana yako lilipata kutu tangu siku ya mazishi ya shangazi Rozalija, na kwamba Januari, siku ya theluji kubwa, alikuona umesimama mlangoni unalipiga kufuli hilo kwa shoka.

Sikuulizi kitu. Ila naelewa sasa kwa nini hukunitumia utepe.

Mpwa wako, kwa mkono wake,
Klavdija

*

Besnica, 27 Aprili 1987

Klavdija mwanangu,

Marahaba, na unisalimie Pavla. Mwambie soksi alizosahau hapa nimezivaa mimi.

Mchoro wako nimeutundika karakanani, juu ya meza, mahali palipokuwa na kalenda ya mwaka wa juzi. Umekosea kipimo kimoja: mguu wa mbele una sentimita mbili zaidi. Nimetazama tena vipimo nilivyoandika nilipoikata miguu. Mengine yote ni sahihi, na ule mtetemeko sijaupunguzia alama.

Lojze anasema ukweli, ni tabia yake mbaya. Mlango ule ulikuwa umefungwa tangu mazishi, na sikuwa na nia ya kuufungua. Rozalija alikuwa akikaa humo kwenye kiti, akifuma, kwa sababu jiko la karakana lina joto kuliko la nyumba, nami nilipokuwa naranda aliokota tepe nzuri akazitia mfukoni mwa aproni kwa ajili ya butara. Alipokwenda, sikuona kwa nini nirande. Masomo yangu yote ya kwanza kwako, mshumaa, paka, kinoo, niliyaandika kwenye meza ya jikoni, kwa kumbukumbu, kama kasisi anayehubiri kuhusu nchi aliyoihama. Nilifikiri hutajua. Wewe kila barua unaniomba utepe.

Siku ile ya Januari nilikuwa nakuelezea nguvu mbili, na nilipofika kwenye nguvu ya nyuma kutokuwepo, niliuona mkono wako. Niliweka kalamu chini. Ufunguo sikujua nimeuweka wapi, kwa hiyo nikachukua shoka. Ndani palikuwa na baridi, na aproni ya Rozalija ilikuwa imetundikwa kwenye msumari wake. Mfukoni mlikuwa na tepe saba za mwaka ule wa mwisho. Hizo saba nilizifunga katikati ya butara yako, ndani, kati ya zile nyeupe. Pavla alizibeba hadi altareni bila kujua.

Unasema unatafuta neno la kushukuru. Acha kutafuta, mwanangu, utalimaliza. Mimi nalihitaji pia. Wewe uliniletea kazi mlangoni, nami nikapata kuingia.

Jumatatu ijayo ni siku yako. Nenda mapema, uchague penseli ngumu. Na ukirudi nyumbani, tuanze kigoda: miguu mitatu, si minne, kwa sababu miguu mitatu haiyumbi hata sakafu ikiwa mbovu. Nitakuandikia vipimo.

Katika bahasha hii mna utepe. Ni wa leo asubuhi, kwa randa yangu ya mkono. Nimeupima: sehemu kumi na mbili ukingo mmoja, sehemu tisa mwingine. Mkono umeharibika kwa kukaa bure. Wako ni bora.

Mjomba wako,
Ciril